Kuishi ndani ya yoti kati ya Lamu na Mafia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Nairobi

Maswali haya huanza kumiminika Oktoba, watu wa Nairobi wanapopanga likizo ya Desemba. Majibu yanahusu yoti ya kawaida ya matanga yenye urefu wa mita 11 hadi 13 na watu wanne ndani, ikitembea kati ya Lamu, Kilifi, Pemba, Unguja na Mafia.

Tusafiri mwezi gani?

Angalieni upepo kabla ya kalenda ya shule. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndipo huwa na nguvu. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na yoti ya leo haijapata ujanja wa kuyashinda. Wakati wa kaskazi mtashuka kutoka Lamu hadi Kilifi upepo ukiwa tezini (nyuma ya chombo). Wakati wa kusi safari hiyohiyo ni kubisha (kwenda mshazari dhidi ya upepo) usiku na mchana, mawimbi yakigonga omo (mbele ya chombo) na kila mtu akitamani kushuka.

Kuna na mkondo. Kusini mwa Malindi maji huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi mkondo unaweza kupita noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa). Chombo cha noti 5 kikiukabili, kinasogea kwa noti 2, ambao ni mwendo wa mtu wa miguu katika Mtaa wa Tom Mboya jioni. Kwa wageni tunapendelea matlai, Oktoba na Novemba, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu, ingawa mtatumia injini zaidi na mvua za vuli zitawakuta. Aprili na Mei, masika yakimwagika, wengi hutia nanga Kilifi au Mtwapa na kukarabati.

Kaskazini mwa Lamu, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, hatumshauri mtu kwenda.

Kutoka kisiwa hadi kisiwa ni muda gani?

Kilifi hadi Lamu ni karibu maili 100 za baharini (maili moja ni mita 1,852). Kwa noti 5 ni saa 20, kwa hiyo mtalala baharini usiku mmoja. Mombasa hadi Wete, Pemba, ni karibu maili 60. Hesabuni saa ya kufika kwanza, kisha mrudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Kufika usiku kwenye mlango wa mwamba (mwanya wa kupitia kwenye matumbawe) msioujua ni kosa ambalo halina dawa. Mkichelewa, shusheni matanga, kaeni kilindini mbali na mwamba, msubiri jua.

Nibebe nini kutoka Nairobi?

Begi laini linalokunjika. Sanduku gumu la magurudumu halina pa kuwekwa, na huishia kulala kitandani pamoja na mwenyewe. Treni ya SGR kutoka Syokimau huchukua kama saa tano hadi Miritini, kisha gari hadi Mtwapa au Kilifi. Bebeni suruali nyepesi na shati la mikono mirefu, maana usiku kwenye upepo kuna baridi hata kama mchana ulikuwa tanuri. Viatu viwe vya soli nyeupe au isiyoacha alama. Kwa Lamu na Pemba wekeni leso au kikoi cha kushukia mjini. Nguo za kuogelea ziishie ufuoni.

Maji ya kunywa na kuoga yanatosha?

Mtu wa Nairobi aliyezoea mgao, akajua kuoga kwa jagi moja, ana nusu ya elimu tayari. Tangi la kawaida ni lita 400. Kila mtu hesabuni lita 10 kwa siku: 3 za kunywa, 2 za kupikia, zilizobaki za kunawa na kujisuuza. Watu wanne ni lita 40, kwa hiyo siku 10, bila mtu wa kuosha nywele ndefu kila jioni.

Oga hivi: ruka baharini, panda ngazi, jipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au shampuu, ruka tena, kisha jisuuze kwa lita moja na nusu ya maji matamu kutoka kwenye chupa ya kunyunyizia. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi, huacha utando tu. Usiruke hatua ya kujisuuza. Chumvi ikibaki kwenye ngozi huvuta unyevu, nguo hazikauki, na kwapani na mapajani hutoka vidonda ambavyo hukaa wiki nzima.

Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Hili lifanyike mkiwa nje, si ndani ya bandari.

Matangi yakiwa mawili, vali inayoyaunganisha ifungwe. Bomba likivuja usiku, pampu itamwaga tangi moja ngamani (chini kabisa ya chombo) huku mmelala, na la pili litabaki. Juu ya hayo fungeni mitungi minne ya lita 20 sitahani (juu, nje ya vyumba) kama akiba. Mashine ya kuchuja chumvi ni nzuri, lakini husukuma maji kwa shinikizo la takriban bar 55 kupitia utando ambao huharibiwa na mafuta na klorini. Kwa hiyo msiiwashe bandarini, na msiisafishe kwa maji ya mfereji yenye dawa bila chujio la kaboni.

Na stima?

Kila kitu ni volti 12. Friji ndiyo mlaji mkubwa: inavuta kama ampea 5 na katika joto letu injini yake hufanya kazi karibu nusu ya siku, yaani ampea-saa 60. Ongezeni simu na kompyuta 20, taa, pampu na feni 10. Mkiwa nangani ni ampea-saa 90 kwa siku. Paneli ya sola ya wati 100 hurudisha kama 30 siku ya jua, kwa hiyo mnahitaji wati 300 ili kulipa deni tu. Mkisafiri, usukani wa kujiendesha huongeza ampea 3 hadi 5 kila saa.

Linalowapotosha watu ni kivuli. Kamba moja ya mlingoti ikipitisha kivuli chembamba juu ya paneli, umeme wake hushuka zaidi sana kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu seli zimeunganishwa kama mnyororo. Sogezeni boriti la tanga pembeni mkitia nanga.

Betri za risasi zisishuke chini ya nusu, zikizoeshwa hivyo hufa mapema. Birika la umeme na pasi viacheni nyumbani.

Choo kinatumikaje?

Hakuna kitakachoingia ambacho hakikupitia tumboni. Karatasi, pamba na taulo za hedhi huwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Fungua vali, piga pampu mara 5 kuingiza maji, tumia, kisha piga mara 15 hadi 20 ili uchafu upite bomba lote. Anayepiga mara 5 na kuondoka ameacha mzigo katikati ya bomba kwa ajili ya mwenzake. Ukimaliza, funga vali.

Mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi hujenga magamba meupe magumu ndani ya bomba. Kikombe cha siki kila wiki, kiachwe usiku, hupunguza. Choo kikiziba kabisa, kazi ni kufungua bomba, kulipeleka ufuoni na kulipiga kwenye jiwe hadi magamba yatoke. Usimwage choo mkiwa karibu na watu wanaoogelea au kwenye hori lililofungika.

Tununue chakula gani, na wapi?

Hapa ndipo Nairobi inawapita wa pwani, kwa sababu mboga za nyanda za juu hukaa. Nendeni soko la Marikiti alfajiri siku moja kabla ya safari. Kabeji chagueni nzito na ngumu, msiioshe, na muitumie kwa kubandua majani kutoka nje. Ukiikata kwa kisu inaanza kuoza siku ya pili. Ikibanduliwa hufika wiki tatu. Sukuma wiki ni ya siku mbili za kwanza, basi. Karoti, nduma, maboga na ndimu hudumu. Waru na vitunguu visikae kapu moja, waru zitaota. Nyanya nunueni za rangi tatu: mbivu, zinazoanza kuiva na mbichi kabisa. Kama mkungu wa ndizi unaning'inizwa tezini, jueni utaiva wote siku moja, kwa hiyo vichane viwili vinatosha.

Mayai yawe yale ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa friji. Yageuzwe kila siku mbili tatu, yatafika wiki tatu. Kabla ya kupika yatie kwenye maji: linaloelea litupwe.

Hakuna katoni inayopanda chomboni. Mende hutaga kwenye mikunjo ya katoni, na wakishaingia yoti hawatoki. Trei za mayai, makasha ya maziwa, yote yaachwe gatini. Unga na mchele wa Mwea wekeni kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana. Unga ukikaa kwenye friza ya nyumbani siku nne kabla ya safari, mayai ya fukusi waliomo hufa.

Kupika chombo kikiyumba kunawezekana?

Jiko linaning'inia kwenye ekseli ili libaki sawa chombo kinapolala upande. Mkiwa baharini msilifunge. Sufuria iwe ndefu kuliko ya nyumbani, isijazwe zaidi ya nusu, na ibanwe kwa vibanio vya jiko. Mpishi asimame pembeni mwa jiko, kamwe mbele yake, na avae suruali ndefu. Si dhoruba pekee inayojeruhi watu kwenye yoti, hata chai.

Ugali hupikwa mkiwa nangani, kwa sababu kusonga kunataka mikono miwili na miguu iliyotulia. Safarini pikeni githeri kwenye sufuria ya presha, ambayo kifuniko chake hakifunguki ikianguka. Jambo linalowashangaza watu wa Nairobi: maharagwe huiva upesi zaidi pwani. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka karibu nyuzi 94, na usawa wa bahari ni 100.

Maji ya bahari hutumika kupikia, mkiwa mbali na nchi: sehemu moja ya bahari kwa tatu za maji matamu hutoa chumvi ya kutosha kwa waru au wali. Zaidi ya hapo chakula hakiliki.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutiririka hadi ngamani na kukaa pale ikisubiri cheche. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku lenye tundu la kutolea gesi nje, na vali ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika, hata kama chai nyingine itapikwa nusu saa baadaye.

Kuhusu samaki: uzi wa mita 30 nyuma ya chombo kwa noti 5 au 6 utaleta jodari au nguru. Jodari achinjwe, atolewe matumbo na kuwekwa kwenye baridi hapohapo. Akikaa juani saa mbili hujaa histamini, ambayo moto wa jiko hauiondoi, na atakayemla atawashwa uso na kuumwa kichwa. Samaki wakubwa walao samaki wengine mwambani, kama mzia mkubwa, waacheni. Sumu ya mwambani hujikusanya ndani yao.

Kwa nini kila mtu chomboni anazungumzia bamvua?

Kwa sababu maji hapa hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; nusu ya mwezi ni maji mafu, tofauti ikiwa ndogo. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Ukikariri hili peke yake utaweza kupanga siku bila jedwali, ingawa jedwali mnunue.

Faida yake kubwa ni wakati wa kuingia mlango wa mwamba. Saa tano asubuhi ya bamvua maji ndiyo yameanza kupanda, mwamba umejitokeza, jua liko juu. Mnaona kila kitu, na mkigusa, maji yanayopanda yatawainua. Mkigusa maji yakiwa yamejaa, mtakaa hapo kwa saa 12, chombo kikilala ubavu.

Mtu mmoja asimame omo na miwani ya kuzuia mng'ao, jua likiwa nyuma yake. Buluu nzito ni kilindi, kijani cha feruzi ni mchanga wa mita chache, kahawia ni matumbawe, na kahawia yenye manjano ni matumbawe yaliyo karibu sana. Ramani ya simu isiaminiwe kwa mita 50 za mwisho. Sehemu nyingi za pwani hii zilipimwa kabla ya setilaiti. Kivuli cha wingu hufanana na mwamba, ila kinatembea.

Nanga inatupwaje isikokotwe?

Tafuteni doa la mchanga, mita 5 hadi 8. Matumbawe hayashiki nanga, yanaisokota, na mnayavunja. Katika hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite fungeni kwenye boya. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968.

Hesabu ya mnyororo hufanywa kwa maji yaliyojaa. Tuseme kina ni mita 4 maji yakiwa yamepwa, yatapanda 3.5, na omo iko mita 1 juu ya maji. Jumla 8.5, zidisheni kwa 5, ni mita 42.5. Aliyehesabu kwa zile mita 4 pekee ametoa mita 20, na saa kumi alfajiri mnyororo wake utasimama wima na kung'oa nanga. Ndiyo maana vyombo hukokota nanga usiku wa bamvua hata upepo ukiwa mdogo.

Teremsheni nanga chombo kikirudi nyuma polepole, msimwage mnyororo kama rundo. Ukishatoka wote, rudisheni injini nyuma taratibu, kisha kwa nguvu kwa sekunde 30, mkiangalia vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja. Vikiachana, nanga inakokota. Halafu mtu avae miwani ya kuzamia aende kuiangalia. Mwisho, ndoano na kamba ya nailoni ya mita 6 ichukue mvuto badala ya mnyororo, vinginevyo mshtuko wote huenda kwenye kapi ya omo na hamtalala kwa kelele.

Zamu za usiku zinaendaje?

Watu wanne hugawana saa 12 za giza, saa tatu kila mmoja. Meli ya noti 18 ikionekana maili 6 mbele huwafikia baada ya robo saa, kwa hiyo aliye zamu azungushe macho pande zote kila dakika 10. Mkanda wa usalama hufungwa kabla ya kutoka mlangoni, na hakuna anayekwenda omo bila kumwamsha mwenzake. Mwanaume asijisaidie tezini usiku. Choo kipo ndani.

AIS, mtambo unaopokea kwa redio mahali meli zilipo, itawaonyesha meli kubwa. Haitawaonyesha ngalawa, wala mashua ya mbao isiyo na taa ambayo hata rada huikosa. Mvuvi atamulika tochi mara moja akisikia injini. Mkiona mwako huo, geukeni tezini kwake, maana wavu uko upande wa pili mara nyingi. Redio ya VHF ibaki chaneli 16. Mombasa kuna kituo cha uratibu wa uokoaji baharini, lakini VHF hufika maili 20 au 25 tu kati ya milingoti, kwa hiyo mkienda mbali muwe na kitoa ishara cha setilaiti cha 406 MHz.

Nitatapika?

Pengine, siku mbili za kwanza. Dawa ya kuzuia kichefuchefu, kama sinarizini, imezwe kabla ya kung'oa nanga. Mwulizeni mfamasia kipimo. Ikimezwa mkiwa tayari mmeanza kutapika, inarudi nayo. Kaa nje, shika usukani, angalia upeo wa bahari, tafuna tangawizi na biskuti kavu. Simu iweke mfukoni. Kutapika ni upande wa demani, kule upepo unakoelekea.

Mbu, malaria, jua?

Pwani kuna malaria kuliko Nairobi, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu kinga kabla ya safari. Tieni nanga mita 200 au zaidi kutoka mikoko. Usubi hauwezi kuruka mbali hivyo kwenye upepo. Ukichomwa na samaki jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Joto huvunja sumu.

Dingi (mashua ndogo ya kushukia) ikiachwa ufuoni itakuwa salama?

Na wezi, kawaida ndiyo. Na maji, hapana. Mkishuka maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita itakuwa mita 200 kutoka baharini, na mashine ya kilo 40 nyuma. Mkishuka yakiwa yamepwa, itaelea bila nyinyi. Tupeni nanga ndogo kwa nyuma, kamba ndefu kwa mbele. Mashine ya mipigo miwili yenye uwiano wa 50 kwa 1 hutaka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli.

Injini ikisumbua?

Angalieni kwanza maji ya kupoza yanayotoka tezini. Yakikoma, mara nyingi ni mfuko wa plastiki ulionaswa kwenye tundu la kuingizia. Zimeni injini mara moja, kwa sababu feni ya mpira ndani ya pampu huyeyuka ikizunguka kavu, na vipande vyake huenda kuziba kipoza joto. Bebeni feni mbili za akiba. Sababu ya pili ni maji kwenye dizeli: kila mtungi ununuliwao kisiwani upite kwenye faneli yenye chujio, na kikombe cha chujio kimwagwe asubuhi kabla ya kuwasha.

Taka tunaziweka wapi?

Plastiki haitupwi baharini popote, ni marufuku ya kimataifa. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula hutupwa zaidi ya maili 12 kutoka nchi. Zingine zinarudi nanyi Mombasa. Msizishushe kwenye kisiwa kidogo, kwa sababu huishia kuchomwa ufuoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar nako haitakiwi.

Pasipoti inahitajika kwenda Pemba?

Ndiyo, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chombo nacho hutoka kwa karatasi: forodha, uhamiaji na bandari Mombasa, kisha hivyohivyo mkifika bandari ya kuingilia Tanzania, bendera ya njano ikipepea hadi mruhusiwe. Nahodha peke yake hushuka kwanza. Msifike Jumapili. Bebeni shilingi za Tanzania taslimu, maana muuza samaki wa Wete hana haja na M-Pesa ya Kenya.

Vimbunga je?

Karibu na ikweta ni nadra, lakini kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024, na Zanzibar ilipigwa vibaya 1872. Visiwa vya Komoro na Mayotte viko kwenye njia ya vimbunga hasa, Novemba hadi Aprili. Kimbunga Chido kilipita Mayotte Desemba 2024. Miezi hiyo msishuke kusini mwa Mafia.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo, ila jaketi la kuokoa maisha ulivae kila unapokuwa sitahani na kwenye dingi, si kulikalia kama mto. Mwambie nahodha kabla ya kupanda, asijue siku ya kwanza ya mawimbi.